Gadeni inatuama maji kila masika? Soma hii kabla hujanunua majani mapya

Ukiishi Dar, Tanga, Unguja, Mombasa au popote Pwani hii kitu unaijua. Masika inaingia Machi, Aprili mvua inapiga usiku kucha, asubuhi unatoka nje unakuta gadeni imekuwa bwawa, maji yanakaa siku tatu nne hayaendi popote, majani yanageuka njano alafu yanaoza, na Juni jua likishatoka unabaki na mabaka ya udongo mtupu na ndago. Wengi wakifika hapo wanamuita muuza majani wa pale barabarani, anakuja na mikeka ya paspalamu anatandika vizuri inapendeza, afu Aprili inayofuata mambo ni yale yale na hela imeenda. Naandika hii kwa sababu inaniuma kuona watu wanarudia gharama hiyo kila mwaka wakati shida yenyewe hata haijaguswa. Majani hayana kosa, ni maji yamekosa njia, na kabla hujatoa hata shilingi inabidi ujue mambo mawili tu, hayo maji yanatoka wapi na yanatakiwa yaende wapi.

Kwanza tuwekane sawa kuhusu ukubwa wa hii kazi. Dar inapata kama milimita 1,100 za mvua kwa mwaka na karibu nusu yake inashuka Machi mpaka Mei, Tanga na visiwani wanapata zaidi. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji, hesabu rahisi tu hiyo. Sasa chukua paa la nyumba ya kawaida, tuseme mita za mraba 150, ikinyesha mvua ya milimita 40 ambayo kwa Aprili sio jambo la ajabu, hilo paa peke yake linamwaga lita 6,000, yani ndoo kubwa za lita 20 kama mia tatu, na nyumba nyingi zote hizo zinadondoka chini ya ukingo wa paa moja kwa moja kwenye majani. Hapo bado hujahesabu mvua iliyonyesha juu ya gadeni yenyewe na maji ya jirani aliye juu yako. Kwahiyo mtu akikwambia mwaga mchanga kidogo pale panapotuama yataisha, muulize hizo lita 6,000 zitaingia wapi.

Toka nje mvua ikiwa inanyesha

Hii ndo hatua wanayoiruka karibu watu wote na ndo ya bure kuliko zote. Vaa buti, chukua mwavuli, toka nje mvua ikiwa inapiga kweli kweli, simama uangalie. Angalia maji yanaingilia wapi kwenye kiwanja, je ni kwenye kona ya gata ambayo imetoboka, ni chini ya geti kutoka barabarani, ni tundu la ukuta wa jirani? Angalia yanakimbilia wapi na yanasimama wapi. Utaona mambo ambayo wakati wa kiangazi huwezi kuyaona kabisa, mfano kijia cha kokoto ambacho fundi alikiinua kidogo kuliko majani, kumbe kimekuwa ukingo wa bwawa, au ukuta wa fensi ambao ulijengwa bila tundu hata moja chini kwahiyo maji yakifika pale yanagonga ukuta na kurudi. Piga picha kwa simu, chomeka vijiti pembeni ya maji yanapoishia, rudi baada ya saa moja, rudi jioni, rudi kesho yake asubuhi uone yameshuka kiasi gani. Maji yakiondoka ndani ya siku moja huna tatizo kubwa, utatoboa toboa ardhi basi. Yakizidi siku mbili hapo pana kazi, na sio kwa ajili ya majani tu, mbu wa malaria wanazaliana kwenye madimbwi kama hayo na kwa joto letu yai linaweza kuwa mbu anayeruka ndani ya wiki moja na siku chache. Wale wa dengi, ambayo Dar iliisumbua sana 2014 na 2019, wao wanapenda zaidi maji yaliyotuama kwenye makopo, matairi, sahani za maua na gata iliyoziba, kwahiyo ukiwa huko nje kagua na hivyo vitu.

Kitu kingine cha kuangalia na kunusa. Kama maji yana harufu ya choo, acha kila kitu, hayo sio ya mvua. Hilo ni karo limejaa au chemba imeziba, na masika makaro mengi yanafurika kwa sababu ardhi pembeni imeshajaa maji hainyonyi tena. Usichimbe mtaro pale, usiruhusu watoto wacheze, ita gari la maji taka kwanza.

Sasa chimba uone udongo wako

Kiwanja kikikauka kidogo, chimba shimo pale panapotuama, upana sentimita 30 na kina 30. Nyanyua bonge la udongo wa chini ulivunje mkononi. Udongo unaopumua una rangi moja, wa kahawia au mwekundu, unaona mizizi imeshuka na vitundu vya minyoo. Udongo uliokaa na maji muda mrefu ni wa kijivu, una madoadoa ya rangi ya kutu pembeni ya mizizi, na ukiusogeza puani unanuka kama mayai viza, mizizi yenyewe ni myeusi ukiivuta inachomoka ganda unabaki na kiuzi cha ndani. Hiyo ndo picha kamili ya majani yaliyokosa hewa. Mizizi inahitaji oksijeni kama sisi, maji yakijaza vile vitundu vyote vya udongo hewa inakosa pa kukaa, na mizizi ikifa majani hayawezi tena kunyonya hata maji yenyewe, ndo maana unaona yanakauka njano huku yamesimama kwenye dimbwi.

Alafu jaza hilo shimo maji, acha yaishe, jaza tena mara ya pili na hiyo ya pili ndo uipime kwa rula. Yakishuka sentimita 2.5 kwa saa au zaidi udongo uko vizuri na tatizo lako ni levo au maji ya paa. Yakishuka chini ya sentimita moja kwa saa udongo ni mzito au umeshindiliwa. Kama umechimba na maji yanakuja yenyewe kutoka chini, hapo maji ya ardhini yako juu, na hii ipo sana maeneo ya chini karibu na bahari au bonde la mto, kama Msasani, Mikocheni na pembeni ya mto Msimbazi kule Dar. Shika hili jibu, maana dawa zinatofautiana kabisa.

Kuna jambo moja nataka nikae hapa kidogo kwa sababu ndo chanzo kikubwa kwenye nyumba mpya na hakuna anayelisema. Wakati wa ujenzi malori yalipita pale, zege lilichanganywa pale, tofali zilipangwa pale, mabaki ya saruji na kifusi vikasawazishwa pale pale, alafu mwishoni ikaletwa lori moja ya "udongo mweusi wa bustani" ikamwagwa kwa unene wa kiganja na majani yakatandikwa juu. Chini ya hapo ardhi imekaza kama sakafu. Na huo udongo mweusi wenyewe uwe makini nao sana, weusi sio rutuba. Kuna udongo mweusi wa mboji na kuna udongo mweusi wa mbuga, ule ambao kiangazi unapasuka nyufa na masika unang'ang'ania kwenye viatu, na muuzaji wote anauita wa bustani. Kabla lori haijamwaga chukua konzi moja, lowanisha, finyanga, alafu ujaribu kuuvuta uwe kama utepe kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukitoka utepe mrefu wa sentimita tano unaong'aa bila kukatika, huo ni mfinyanzi, mwambie ageuze lori. Ukivunjika vunjika mapema na una mchanga unaousikia vidoleni, huo unafaa.

Dawa ya kwanza: zuia maji yasiingie

Mtu anayeanza kuchimba mtaro kabla hajashughulikia paa anafanya kazi mara mbili. Weka gata, au kama ipo itengeneze na uisafishe, majani ya mwembe yanaziba gata hatari. Peleka bomba la kushushia kwenye tanki. Tanki la lita 5,000 likiwa tupu linameza karibu mvua yote ya siku kama ile ya milimita 40, na hayo maji utayatumia kufulia na kumwagilia, kwa jinsi maji ya bomba yanavyokatika hilo halihitaji kushawishiana. Likijaa, bomba la kufurikia lipelekwe nje ya eneo la majani, kwenye mtaro wa mvua wa barabarani kama upo. Naomba sana usiunganishe maji ya mvua kwenye chemba ya maji taka, mfumo haukutengenezwa kwa wingi huo na unaishia kurudisha uchafu ndani ya nyumba yako au ya mtu mwingine kule chini.

Kama maji yanatoka kwa jirani wa juu, kaa nae mzungumze. Sheria ya asili ni maji hufuata mkondo, hawezi kuyazuia yasishuke, ila mnaweza kukubaliana yapite upande mmoja kwenye mfereji unaoeleweka badala ya kusambaa. Na wewe pia usije ukaziba tundu la ukuta ili yabaki kwake, au ukamwelekezea wa chini yako bomba lako. Ikishindikana kuna mjumbe na serikali ya mtaa, ila mara nyingi mkisimama wote kwenye mvua mkaangalia, mnaelewana.

Ukuta wa fensi upande wa chini wa kiwanja uwe na matundu usawa wa ardhi, weka vipande vya bomba la inchi nne kila baada ya mita mbili au tatu na wavu mbele kuzuia panya na nyoka, bila kusahau kwamba yanapotokea kuwe na pa kwenda. Hii peke yake imeokoa gadeni nyingi na hata kuta zenyewe, maana ukuta unaozuia maji upande mmoja mwisho wake unaanguka.

Levo

Majani yanataka mteremko mdogo tu, kila mita moja ishuke sentimita moja mpaka mbili, na mteremko uanze kwenye ukuta wa nyumba kwenda nje, kamwe usielekee kwenye msingi. Kwa macho huwezi kuona hiyo sentimita, usijidanganye. Chukua ule mpira mweupe unaoonyesha ndani ambao mafundi wanautumia kupigia levo, ujaze maji utoe mapovu yote, maji ya pande zote mbili yatasimama usawa mmoja hata ukiwa mbali mita 20, unafunga upande mmoja kwenye kigingi kimoja na mwingine kwenye kigingi kingine, unachora alama, unafunga uzi, basi. Ni kitu cha bei ndogo na kinasema ukweli.

Vishimo vidogo vya kina cha sentimita mbili tatu unavijaza juu ya majani bila kung'oa, mchanganyiko wa mchanga wa mto na mboji iliyochekechwa, unamwaga unene usiozidi sentimita moja, unasambaza kwa mgongo wa reki mpaka ncha za majani zionekane, yakishatoka unarudia. Usimwage sentimita tano kwa mara moja, utayazika. Bonde kubwa zaidi ya hapo kata mikeka ya majani kwa sepetu, iviringishe iweke kivulini, jaza udongo, shindilia kwa miguu tu, rudisha mkeka. Mchanga uwe wa mto, punje kubwa kubwa, wa ufukweni una chumvi na pia kuuchota ufukweni ni uharibifu.

Udongo ulioshindiliwa: toboa

Kama kipimo chako cha shimo kilikuja polepole lakini hakuna maji yanayotoka chini, anza na kutoboa. Wenye hela wanakodi mashine, wengine tunatumia uma wa bustani wenye meno manne, unauzamisha sentimita 10 mpaka 15, unautikisa nyuma na mbele kidogo, unachomoa, unasogea kiganja kimoja mbele. Huna uma, nondo ya milimita 12 iliyochongwa ncha inafanya kazi, ila nondo inasukuma udongo pembeni tu na kwenye mfinyanzi unazidi kukaza kuta za tundu. Kilicho bora kuliko vyote ni bomba la chuma la nusu inchi au robo tatu, fundi wa kuchomelea akunolee mdomo na akuwekee mkono wa juu kama wa sepetu na kidirisha pembeni cha kutolea, ukilizamisha linatoka na kipande cha udongo ndani, unakisukuma kinatoka, unaacha tundu tupu kweli. Ukimaliza fagilia mboji iingie kwenye matundu. Kazi hii ifanyike udongo ukiwa na unyevu, sio tope wala sio mkavu kama tofali, wakati mzuri ni Juni mvua zikiisha na majani bado yana nguvu ya kukua kujaza.

Mboji nitaisema mara mbili. Watu wanapenda kuchanganya mchanga kidogo na mfinyanzi wakidhani watapata udongo mwepesi, wanapata kitu kigumu kuliko mwanzo, kwa sababu mfinyanzi unajaza nafasi zote kati ya punje za mchanga. Ili mchanga usaidie inabidi uwe mwingi kuliko mfinyanzi wenyewe na hilo ni malori. Mboji na samadi iliyooza vizuri zinafanya kazi kwa kugandisha udongo kuwa vibonge vidogo vyenye nafasi katikati na zinaleta minyoo, ambayo inatoboa bure usiku na mchana. Kuhusu jasi, kuna wanaoiuza kama dawa ya mfinyanzi wote, inasaidia pale udongo una sodiamu nyingi, kwingine huoni tofauti ya maana, usiinunue bila kupima.

Na wakati ardhi ni tope, tafadhali usipite, usiegeshe gari, usikate kwa mashine. Kukanyaga udongo uliojaa maji kunaukaza sana kuliko kuukanyaga kiangazi ukiwa mkavu.

Mtaro wa kokoto

Hapa ndo wengi wanaingizwa mjini. Fundi anakuchimbia mtaro mzuri, anajaza kokoto, anafunika, unalipa, mvua inakuja mtaro unajaa na unabaki umejaa, kwa sababu hauna mwisho. Mtaro wa kokoto hauli maji, unayabeba tu kutoka hapa kwenda pale. Kama huna "pale" usichimbe. Na ndo hivyo hivyo kwa wanaotandaza kokoto chini ya gadeni nzima juu ya mfinyanzi, wanakuwa wamejenga beseni chini ya majani.

Ukiwa na pa kuyapeleka, iwe mtaro wa barabarani au sehemu ya chini ya kiwanja, chimba upana sentimita 30, kina 45 mpaka 60, ushuke sentimita moja kila mita, kwahiyo mtaro wa mita 12 mwisho wake uwe chini kwa sentimita 12 kuliko mwanzo, pima kwa mpira wa levo usikadirie. Anza kuchimba mwisho wa chini kupanda juu ili mvua ikikukuta katikati ya kazi maji yatoke yenyewe. Tandika kitambaa cha jiotekstaili, kile kinachopitisha maji, chini na pembeni kikiwa na ziada ya kukunja juu, hiki ndo kinachozuia tope lisiingie kwenye kokoto. Mwaga kokoto safi zilizooshwa za inchi moja unene wa kiganja, laza bomba la plastiki la inchi nne lenye matundu, matundu yaangalie chini, ndio, chini, kwa sababu maji yanapanda kutoka chini yanaingia na kutembea, yakiangalia juu kinachoingia kwanza ni tope. Jaza kokoto mpaka sentimita kumi chini ya usawa wa ardhi, kunja kitambaa kifunike, malizia na mchanga wa mto na mkeka wa majani. Mita kumi za mtaro wa hivyo zenye kina cha nusu mita zinakula kama kubik moja na robo ya kokoto, uwe na hiyo hesabu kabla hujapigiwa bei. Mdomo wa bomba uwekee wavu, na juu mwanzo wa mtaro acha bomba lililosimama lenye kifuniko ili siku likiziba upitishe maji ya presha.

Kama bajeti hairuhusu, mfereji wa wazi uliooteshwa majani unafanya kazi nzuri sana na mi naupenda zaidi kwa viwanja vyetu. Unachimba kama sahani ndefu, upana mita moja, kina sentimita 10 mpaka 15 katikati, pembeni pamelala taratibu kiasi kwamba mashine ya kukatia inapita, unaotesha ukoka. Mvua ikinyesha unabeba maji mengi, ikiisha unakauka na hakuna anayejua kama ni mtaro. Hauzibi, hauhitaji kokoto wala bomba, na ukiharibika unaona.

Shimo la kunyonya nalo lina mashabiki wake. Chimba mita moja na nusu kila upande, jaza mawe, sawa, lakini mawe yanakula nafasi, unabaki na kama asilimia 40, yani lita 1,300 hivi. Rudi kwenye ile hesabu ya paa ya lita 6,000 uone. Linafaa kwa maji yanayofurika kutoka tanki au kwa kona ndogo, kwenye udongo wa kichanga ambao unanyonya, na likae angalau mita tano kutoka kwenye msingi wa nyumba na mbali na karo. Sehemu ambazo ukichimba mita moja unakuta maji halina maana yoyote, litakuwa limejaa kabla mvua haijaanza.

Pale ambapo maji hayatoki hata ufanyeje

Kwenye kiwanja ambacho maji ya ardhini yako juu na jirani wote wako juu yako, acha kupambana na sehemu moja ya chini kabisa, ipe maji. Inyanyue gadeni inayobaki kwa sentimita 20 au 30 za udongo mzuri kisha hiyo kona ya chini panda vitu vinavyopenda, magimbi, mafunjo, kana, mauwa ya helikonia, na ukingoni migomba ambayo inapenda unyevu lakini haitaki kusimama ndani ya maji. Inapendeza, na magimbi unakula. Kama maji yanakaa hapo muda mrefu bila kukauka weka samaki, perege wadogo wanakula viluwiluwi vya mbu. Kuna wanaopanda mkaratusi ili unywe maji, mkaratusi unakunywa kweli lakini mizizi yake inafuata mabomba na msingi, na tawi likidondoka juu ya bati utajuta, weka mbali na nyumba au uache.

Na wale wanaoamua kumaliza kwa kutandika pevingi kiwanja chote, naelewa hasira, ila fikiria mtaa mzima ukifanya hivyo, kila tone linakimbilia kwa aliye bondeni. Tandika njia na maegesho, acha ardhi nyingine ipumue.

Majani gani, na baada ya mafuriko

Ukoka wa kawaida unavumilia kufunikwa na maji siku chache ila hautaki kivuli kabisa. Paspalamu ya Pwani, ile yenye jani jembamba, inavumilia maji na chumvi kuliko mengi, kwahiyo kwa walio karibu na bahari ndo chaguo langu la kwanza. Chini ya miembe panda yale majani mapana yanayotambaa, yanapenda unyevu na kivuli, hayapendezi sana ila yanaishi. Zoisia ni nzuri sana kwa macho lakini udongo usiotoa maji haiuwezi, usiiweke bondeni. Kikuyu waachie wa Arusha na Nairobi kwenye baridi.

Maji yakishaondoka usikimbilie yuria kwa sababu umeona njano. Subiri udongo ukauke kiasi kwamba ukikanyaga maji hayatoki pembeni ya kiatu, toboa, alafu subiri uone majani mapya yanachipua ndo uweke mbolea kidogo, CAN gramu 15 hivi kwa mita ya mraba, na umwagilie isichome. Mizizi iliyokufa hainyonyi mbolea, utakuwa umeipeleka kwenye mtaro. Fagia matope yaliyoganda juu ya majani, lile tabaka la kijani linaloteleza likwangue kwa reki. Wakati wa mvua kata majani yabaki sentimita nne au tano, usikate zaidi ya theluthi ya urefu kwa mara moja, na usiache marundo ya majani yaliyokatwa, yanaozesha yaliyo chini. Ukiona mabaka ya duara ya kahawia yanayosambaa asubuhi yakiwa na utando kama wa buibui, hiyo ni fangasi, punguza maji na kivuli kwanza kabla ya kununua dawa. Ndago ing'oe na vile vinundu vyake vya chini kwa uma wakati ardhi ni laini, ukikata juu tu inarudi na ndugu zake, na ikiendelea kujaa sehemu ile ile ujue unyevu wa pale bado haujaisha.

Ratiba yangu ni hii. Juni mpaka Septemba ndo wakati wa kuchimba, kupiga levo na kutoboa, ardhi imekauka na mafundi wana nafasi. Vuli za Oktoba mpaka Desemba ni za kujaribia kazi uliyofanya, maana mara nyingi ni nyepesi kuliko masika, japo sio kila mwaka, vuli ya 2023 na El Niño yake ilikuwa nzito kupita kiasi. Toka nje nazo hizo na mwavuli wako, chomeka vijiti upya, linganisha na picha za Aprili. Januari na Februari rekebisha palipobaki, safisha gata, zibua matundu ya ukuta, mwaga maji kwenye mwanzo wa mtaro kwa mpira uone kama yanatokea upande wa pili, na vipandikizi vya ukoka kwenye mabaka uvipande mapema hapo hapo, sentimita 15 kutoka kimoja hadi kingine, umwagilie kila siku ili Machi ikifika viwe vimeshashika.